Mama Taratibu na Masanduku Mawili

Baada ya miaka ishirini na minane ya kuingia nyumba za watu akiwa nadhifu na kutoka na vumbi la uvunguni, fundi wetu wa mitandao ya nyumbani, Mama Taratibu, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jamani, tutabaki na nani?

Alianza na nyaya za simu za mezani. Intaneti ilipoingia majumbani alijifunza upya huku ananyonyesha, kisha akatufundisha sisi. Jina la utani tulimpa wenyewe, maana akifika kwa mteja haombi ngazi, anaomba kiti. Anauliza, anasikiliza, ndipo anafungua mkoba. Tulimcheka sana, mpaka tulipotia akili.

Miaka mitatu iliyopita alitujia binti mmoja fundi cherehani, machozi yanamlengalenga. Anashona chumba cha mbele; chumba cha nyuma amelala mama yake, hawezi kuinuka. Kamera yenye kipaza sauti, aliyoipa jina "Chumba cha Mama", humletea kwenye simu sura na sauti ya mgonjwa. Lakini siku nyingine simu ilidai hakuna kifaa cha jina hilo. Mara ya mwisho mama alianguka kutoka kitandani, akaita asisikike. Binti alikuwa ameshaamua kuacha kushona.

Tulikuwa tumekwenda mara mbili. Mwenzangu alibadilisha kamera. Mimi nilizima kila kitu nikawasha, kikafanya kazi vizuri mpaka nilipofika getini.

Mama Taratibu alikaa pale mchana kutwa, akaona simu inajibiwa mara na sanduku hili la intaneti, mara na lile. Yalikuwa mawili, kila moja na orodha yake ya majina ya vifaa. Jipya liliijua kamera. La zamani, nyuma ya mafurushi ya vitambaa, halikuijua kabisa. Na nani aliliacha likiwaka? Yeye mwenyewe, alipofunga jipya, akisema halina ubaya, litasaidia mawimbi yafike mbele.

"Mwanangu, kosa ni langu," alimwambia binti. "Nisamehe."

Akaliacha la zamani lipitishe mawimbi tu. Kuvipa vifaa namba na kutunza majina yake kukabaki kwa jipya. Kisha akaandika kosa lake kwenye ripoti, ingawa hakuna ambaye angejua. Tulipomshangaa alitujibu kwamba mficha uchi hazai. Akapekua kumbukumbu, akapata nyumba kumi na moja alizoziacha vilevile, akazirudia zote siku zake za mapumziko. Mafundi hodari nimewaona wengi. Wa namna hii sijamwona mwingine.

Juzi nilikwenda kumwalika fundi cherehani kwenye sherehe hii. Bado anashona. Analalamika kwamba mama yake siku hizi anamwita hata bila shida, anataka tu kujua leo inashonwa nguo gani. Tukiwa tunaongea, sauti ikatoka kwenye simu. Binti akaniomba radhi, akaacha sindano ndani ya kitambaa, akaenda.

Asante, mama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Na kila utakapoita, awepo wa kukusikia.