Protus wa Malinya na Kaseti ya Mama Yake

“Umefanyia nini hii kaseti? Wewe! Nakuuliza, umeifanyia nini?”

“Baba, nilidhani ni ya kwaya.”

“Ya kwaya! Kwani ingekuwa ya kwaya ndio ungeifuta? Mimi nafundisha kwaya miaka kumi na nane, na wewe unafuta?”

“Si hivyo, baba. Skiza kwanza…”

“Niskize nini? Hizo ngoma? Mama yako ako wapi humu ndani? Nionyeshe mahali ako!”

Wasikilizaji wapendwa, hayo maneno yalisemwa Malinya, kule Ikolomani, Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nne. Watu walikuwa wanatoka kanisani wakasimama njiani kuskiza. Mwenye kupiga kelele alikuwa Mzee Shikanga, mwalimu wa kwaya. Mwenye kupigiwa kelele alikuwa kijana wake wa kwanza, Protus. Na leo tumekaa hapa kumkumbuka huyo Protus, maana hayuko tena. Alituacha mwezi wa nne mwaka huu wa tisini na saba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Lakini ngoja nianze na hiyo kaseti, ndio unielewe.

Mama ya Protus aliitwa Navalayo. Aliugua mwaka wa tisini, akalazwa wiki tano. Siku moja akiwa kitandani akamwambia mzee alete redio kaseti. Akaongea. Dakika ishirini hivi, kwa Kiluhya. Alisema ng’ombe gani isiuzwe. Alisema Jael, binti yake, asikatazwe shule. Alimcheka mzee vile anatiaga chumvi mara mbili kwa mboga. Mwisho akaimba kidogo, sauti ikakatika. Siku tisa baadaye akafariki.

Mzee akachukua uma, akavunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Unajua ukivunja hivyo, kitufe cha kurekodi hakishuki tena. Sauti imefungiwa. Lakini juu ya kaseti hakuandika kitu. Jael anasema alikuwa anashika kalamu anaiweka chini, anashika anaiweka chini. Akaacha hivyo tu, bila jina, akaiweka kwa boksi moja na kaseti za kwaya. Na kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hajakula, alikuwa anaiskizanga. Miaka minne.

Sasa Protus naye alikuwa mtu wa muziki, lakini si ule wa baba yake. Protus alikuwa wa disko. Na si disko ya juzi. Alipenda ya zamani, ile ya violini na makofi. Alipenda fanki ya mashine, ile mtu anaongea kama amemeza redio. Na alipenda muziki wa hausi, ule wa kwanza kwanza, wakati ulikuwa ngoma tu na piano na mama mmoja anaita kwa mbali. Aliipata wapi, na yeye ni wa Malinya? Kwa Jamal. Jamal ni kijana wa Mumias, mjomba wake alikuwa anachezesha muziki kwa hoteli huko Mombasa. Hoteli ikatupa santuri, mjomba akaziokota. Jamal alikuwa anazibeba ndani ya gunia la sukari, anapita nazo Malinya siku mbili tatu, anarudi nazo.

Na Protus hakukalia hizo nyimbo kama kuku. Alikuwa anazigawa. Kila Jumamosi mchana vijana walijaa kwa simba yake, ile nyumba ya kijana pembeni mwa boma. Kila mtu anakuja na wimbo mmoja anaoupenda. Anaucheza. Wengine wananyamaza mpaka uishe. Halafu unasema kwa nini umeuleta. Ukisema “ni mtamu tu”, Protus anakurudisha: “Hata miwa ni tamu. Sema vizuri.” Willis, jirani yao, alikuwa analeta wimbo mmoja ule ule kila wiki.

“Willis, si huo tulisikia?”

“Mlisikia, lakini hamkuelewa.”

Ndio hivyo walikuwa wanaishi, wasikilizaji wapendwa. Shida yao ilikuwa moja tu, kaseti tupu. Kaseti mpya mtapata wapi? Kwa hivyo walikuwa na ujanja wao. Wanatafuta kaseti kuukuu ya mahubiri au ya kwaya. Zile za kununuliwa zinakuja bila vijimeno. Unakunja karatasi, unaziba yale matundu mawili, na kitufe kinashuka. Kwao, kaseti yenye matundu ilikuwa ni kaseti ya kuzibwa. Hakuna aliyejiuliza mara mbili.

Jumamosi hiyo Jamal alikuwa anaondoka saa kumi. Ameleta santuri tano ambazo hatazileta tena. Protus hana kaseti. Akakimbia kwa nyumba kubwa, akafungua boksi la kwaya, akachukua moja isiyo na jina. Ina matundu. Akaziba. Hakuiskiza kwanza. Betri ya gari iliyokuwa inaendesha mashine yake ilikuwa imebaki nguvu kidogo, akaona ataimaliza bure. Akarekodi upande mzima, nusu saa, akairudisha kwa boksi ili baba asione moja imepungua, yeye aje aichukue baadaye.

Kesho yake mzee akatoka kanisani. Akabonyeza. Akasikia makofi na violini.

Mara ya kwanza alidhani amekosea upande. Akageuza. Huo mwingine ulikuwa mtupu, ulikuwanga mtupu tangu zamani. Akageuza tena. Ndio akaona ile karatasi imekunjwa ndani ya matundu. Jael alikuwa anapakua obusuma, ugali wa kwetu. Anasema baba yake aliichomoa hiyo karatasi na kucha, polepole, akaifungua kama barua. Ilikuwa kipande cha daftari ya Protus ya shule.

Hapo ndio kelele zikaanza.

“Mama yako nilimzika mara moja,” mzee alisema. “Wewe umemzika ya pili.”

Baada ya siku hiyo hakumwita Protus kwa jina. Alimwita “huyo”. “Jael, ambia huyo ng’ombe hajanywa maji.” Na huyo mwenyewe amesimama hapo. Miaka miwili na nusu, wasikilizaji wapendwa. Narudia, miaka miwili na nusu. Boma moja, maji ya kisima kimoja, na baba anatumia binti kuongea na kijana.

Lakini msidhani mzee alikuwa anafurahia. Jael anasema Jumapili baba yake alikuwa bado anakaa pale pale kwa kiti, kabla ya kula, mikono juu ya magoti. Anajaribu kukumbuka mama alisema nini. Anaanza, “Ng’ombe ile ya madoa isiuzwe…” anafika mahali pa chumvi, anapotea. Alikuwa anakumbuka maneno. Sauti ndiyo ilikuwa imeenda. Siku moja alimuuliza Jael, “Mama yako alikuwanga na sauti nzito ama nyembamba?” Jael akalia. Na mzee alichokuwa anaogopa ni hicho tu, kwamba atakufa amesahau.

Na Protus? Mwezi mzima simba ilinyamaza. Halafu vijana wakarudi, kaseti zikarudi, lakini yeye alikuwa amebadilika. Hakufuta tena kitu chochote bila kukiskiza chote. Hata mahubiri. Unamletea kaseti ya mhubiri, dakika tisini, anakaa chini anaiskiza mpaka amina.

“Protus, bana, si ni mhubiri tu!”

“Hata mhubiri ana mtoto mahali.”

Na alianza kutafuta. Kila mtu aliyewahi kubadilishana naye kaseti, alimwendea. Malava alienda. Khayega alienda. Swali ni moja: “Kwako hakuna mahali mama yangu anaongea?” Wengine walimcheka. Alitafuta kaseti za arusi, kwaya, matanga, popote mtu alipokuwa amewasha redio kaseti akarekodi kelele za watu. Alikuwa anaenda kwa mashimo ya dhahabu na kuchimba, ndio apate nauli na betri. Amerudi, anaosha mikono, anaskiza kelele za watu wengine.

Ikawa ni Mumias, mwishowe. Jamal alimweleza mama yake, Mama Kulthum, muuza vitenge. Kumbe Navalayo alikuwa mteja wake, wakawa marafiki. Alikuwa amealikwa kwa arusi ya Raisa, binti ya Mama Kulthum, mwaka wa themanini na nane. Na kaseti ya arusi ilikuwepo. Jamal anatuambia Protus alifika asubuhi, akapiga hodi na “asalam aleikum” kama amezaliwa hapo, akaingia hata chai hakutaka. Wakaskiza. Vigelegele, watoto, sufuria. Halafu Mama Kulthum akainua kidole.

“Huyo. Huyo anayecheka. Huyo ni mama yako.”

Kicheko tu. Hakuna neno. Kicheko cha mtu amechekeshwa mpaka ameshindwa kupumua. Protus akaomba kirudishwe mara nyingi, mpaka Mama Kulthum akamwambia, “Mwanangu, pole. Nenda ukampe mzee wako.”

Alienda. Ilikuwa Disemba, mwaka jana. Aliingia nyumba kubwa kwa miguu yake, akaweka kaseti juu ya meza.

“Baba, huyu ni mama. Hajaongea, lakini anacheka.”

Mzee hakuiangalia. Akamwambia Jael, “Ambia huyo mimi sitaki mabaki.”

Jael anasema kama kuna kitu angerudisha nyuma maishani, ni hiyo siku. Angekibonyeza kitufe yeye mwenyewe kwa lazima. Lakini aliogopa. Akaichukua kaseti akaificha kwa nguo zake. Mzee naye aliniambia kwa mdomo wake, na ameniruhusu niseme, kwamba hakukataa kwa hasira. Aliogopa. Kama angeisikia hiyo sauti na asiitambue, je? Ndio akasema neno baya, likawa la mwisho.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Shimo la dhahabu likaporomoka wakati vijana wanatoka. Wawili walikuwa juu tayari. Protus alikuwa wa mwisho kupanda.

Usiku wa kukesha vijana walitaka kuweka disko, vile kunafanywanga siku hizi. Wazee wakakataa. Akazikwa na kwaya ya baba yake, na mwalimu hakuweza kuanzisha wimbo. Waimbaji walianza wenyewe.

Jioni hiyo mzee akamuuliza Jael swali. “Huyu kijana na kaseti zake zote, hakuna mahali anaongea?”

Jael alitafuta. Willis alitafuta. Kaseti mia na zaidi. Alikuwa amerekodi kila mtu, hata wahubiri wa watu. Yeye mwenyewe hayuko hata kwa moja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotuskiza, Malinya, Malava, Mumias na kote, tunampa pole Mzee Shikanga. Tunampa pole Jael. Tunawapa pole Jamal na Mama Kulthum, na Willis, na vijana wote wa ile simba. Mungu awatie nguvu. Ile kaseti ya arusi Jael amempa baba yake. Iko kwa mfuko wa koti. Bado hajaiskiza, na tusimharakishe.

Lakini wewe uliye hapo karibu na redio, fikiria kidogo. Pengine kuna mtu ndani ya nyumba yako unaongea naye kupitia mtoto. Pengine kuna kitu amekuletea, amekitafuta mbali, na kiko mezani. Sikwambii usamehe leo. Nasema tu, kichukue.

Na wacha niwaambie vile siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa, siku ya kunyoa, wakati vitu vya marehemu vinagawiwa. Vijana walikuwa wamekaa ndani ya simba na boksi la kaseti, mchana, wanangoja mwenye boma aseme nani achukue nini. Mzee akaingia. Hajawahi kuingia hapo tangu ile Jumapili. Wote wakasimama.

“Kaeni. Ile yenyewe ni gani?”

Wote walijua anaulizia ile iliyofutwa. Willis akaitoa chini ya mto, mahali Protus alikuwa anaiweka tangu ile Jumapili. Ilikuwa na jina sasa, limeandikwa kwa herufi kubwa za Protus: NAVALAYO.

“Hii hakuwahi kutuchezea, mzee,” Willis alisema. “Hata siku moja. Na hakutaka irekodiwe kitu kingine.”

Mzee akakaa juu ya kitanda cha kijana wake, amevaa koti lake. “Cheza.”

Wakacheza. Disko ikaja na makofi yake. Ikaja fanki, sauti ya mashine inaongea. Vijana wanaangalia chini. Mwishoni ikaja hausi, ngoma na piano, na yule mama anaita kwa mbali, neno moja tu, anaita na anaita. Mzee aliinamisha kichwa kama mwalimu anayetafuta nani amekosea sauti. Wimbo ukaisha. Kaseti ikaenda bila kitu, ikafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe.

“Hapa Protus angeuliza kwa nini umeuleta,” Willis alisema, kwa sauti ndogo.

Mzee akasimama.

“Mwambieni Protus nimeuskiza wote,” akasema. “Zingine gawaneni. Hii ni ya nyumba.”

Akaichukua, akatoka, akafunga mlango.