Ufunguo wa Ghala la Kizota

Sogeeni, wanangu, kaeni chini, na kila mmoja akae mahali ninapoweza kumwona uso, maana maneno ya leo sitayarudia, na pumzi ya kuyarudia sina. Swalihu, zima hiyo redio. Nasma, acha kulia, hujui bado kama nastahili machozi yako. Harithi, wewe mwenye mwandiko wa ofisini, chukua kalamu uandike ninavyosema, si unavyopenda kusikia. Na wewe Lulu, kitinda mimba wangu, uliyeshuka kwenye treni ya Mwanza jana asubuhi baada ya miaka mitatu, kaa hapo hapo ukutani ulipokaa, sikuombi usogee. Jirani yangu Khamisi na Sheikh Abubakari wapo kuwa mashahidi. Generosa nimemwita mimi, na atakayemnyanyua kwenye kile kiti ajue amenitoa mimi kitandani.

Nawaona mnavyomtazama. Mnajiuliza mwanamke wa Kigogo, Mkristo, mfinyanzi wa vyungu, anatafuta nini kwenye wosia wa Bushiri. Wewe Swalihu hukuishia kujiuliza. Umesema sokoni, mbele ya wauza vitunguu, kwamba ni hawara yangu. Mtu wa miaka sabini na minne, mapafu yamejaa maji, nikitoka hapa kwenda chooni napumzika mara mbili, halafu nina hawara! Ulimi hauna mfupa, lakini wako, mwanangu, hauna hata haya.

Sasa sikilizeni habari ya ghala, maana hiyo ndiyo iliyonizuia kufa tangu Jumatatu.

Ghala lile la Kizota nililinunua pale shirika nililolitumikia miaka ishirini nikiwa mtunza stoo lilipofungwa, nasi tukapunguzwa kama matawi ya mti wa uani. Likakaa tupu. Lulu akarudi kutoka chuo cha sanaa, akaniambia, "Baba, nipe ghala, nataka kutundika picha zangu watu waje wazitazame." Nikampa kwa kuwa lilikuwa tupu, msinisifu kwa hilo. Akawa anakwenda kwa mafundi wa magari pale Kizota kuokota makopo yenye masalio ya rangi, anawamba magunia ya mkonge kwenye fremu za mbao, anayapaka chokaa na gundi, halafu anayamwagia rangi. Si mtu, si mti, si mnyama. Rangi tupu. Nyekundu imelala juu ya njano, bluu imepenya katikati kama ufa. Mimi nikimuuliza hii nini, ananiambia, "Tazama kwanza, baba, utauliza baadaye."

Generosa, Lulu alimkuta stendi, amekaa na vyungu vyake kutoka Ihumwa, hauzi hata kimoja. Ilikuwa miaka ile kila kitu ruksa, ndoo za plastiki zimejaa hadi vijijini, nani atanunua mtungi? Lulu akamwambia, "Mama, kama hawataki chombo cha maji, wafinyangie kisichobeba maji." Huyu mama akacheka siku nzima. Kesho yake akafinyanga chungu chenye midomo miwili inayopeana mgongo. Kisha kingine chenye shingo iliyosokotwa kama nguo inayokamuliwa, na kingine kirefu hadi kiunoni pangu, chekundu chini, cheusi juu kwa moshi wa tanuri. Wakavipanga sakafuni, picha ukutani, wakaandika mlangoni kwa chaki: Karibuni Mtazame. Na watu wakaja. Walimu wakaja, Wazungu wa misheni wakaja, akina mama waliotoka mashineni kusaga wakaja na unga wao kichwani, wakasimama kutazama.

Wewe Swalihu ulilitaka ghala lile kwa marobota yako ya mitumba. Hukuniambia hivyo. Uliniambia ni dini. Ulikwenda barazani ukasema dada yako anafuga masanamu pamoja na kafiri. Sheikh Abubakari huyu hapa alikwenda akayakagua moja moja, akarudi akasema hakuona jicho, hakuona uso, hakuona kiumbe chenye roho. Sheikh, nimesema uongo? Haya. Ameitikia kwa kichwa, Harithi, andika. Lakini mwenye tamaa haridhiki na fatwa, akawatafuta vijana wasioogopa sheikh.

Na mimi? Ngojeni, msinitangulie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu kipo hapa chumbani, kinasikiliza.

Alhamisi moja alasiri niliingia ghalani peke yangu. Lulu alikuwa ametundika picha mpya, pana kuliko mlango. Zambarau iliyofifia, na pembeni mstari wa njano, na kitu cheupe kinachovutwa kuelekea chini. Nikasimama. Wanangu, ile ilikuwa kanga ya mama yenu Adija, ile tuliyomfunika siku alipofariki kabla sanda haijaletwa. Hapakuwa na Adija pale, hapakuwa na kitanda wala maiti, ni rangi tu za makopo ya mafundi, lakini nilimwona. Nikaona pia nilichokuwa nimekificha, kwamba siku mbili kabla, alipokuwa akiniomba nimpeleke hospitali, nilimwambia asubiri nimalize kuhesabu mali ya stoo, wakaguzi wanakuja. Nani alimwambia Lulu? Hakuna. Hata yeye alikuwa mdogo, hakujua. Lakini picha isiyo na uso ilinikazia macho, na mimi badala ya kulia nikachukia. Nikatoka pale namchukia mtoto wangu, nauchukia mkono wake, nazichukia rangi zake. Ndivyo alivyo mtu duni: kioo kikimwonyesha kovu, anavunja kioo.

Jioni ile Petro mlinzi alinirudishia ufunguo kama kawaida yake. Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, Swalihu ukaja nilipokuwa nakunywa kahawa kwa yule fundi wa kuchomelea, mkabala na ghala. Unakumbuka tulivyosemezana? Mimi nakumbuka kila neno.

"Baba, nipe ufunguo. Vijana wanataka kuvitoa nje tu."

"Kuvitoa, au kuvivunja?"

"Wewe unataka nikujibu, baba, au unataka unipe?"

Nikakupa. Lulu, mwanangu, usiniangushie macho chini, nitazame. Ufunguo nilitoa mimi. Si Petro. Si kufuli lililosahauliwa. Baba yako mzazi aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akauweka kwenye kiganja cha kaka yako, kisha akarudi kukaa. Nikawasikia wakivunja. Udongo uliochomwa ukivunjika haulii kama glasi, unaguna, kama mtu anayepigwa tumboni. Nikahesabu miguno kumi na mmoja. Nikamaliza kahawa yangu.

Ukafika, Lulu. Picha zilikuwa zimechanwa kwa kisu, ile ya zambarau imekatwa msalaba. Ulichukua ufagio, Generosa akachukua mwingine, mkafagia kutoka mlangoni kuelekea ndani, mimi nimesimama nawaangalia kama mgeni aliyepita njia. Kufuli lilikuwa zima. Watu wakauliza nani kafungua. Swalihu akasema Petro amehongwa pombe. Wakamfunga mikono kwa kamba ya robota. Petro, mtu mzima mwenye wajukuu, akanitazama mimi, akaniambia, "Mzee, wewe wajua ufunguo nilikurudishia jana jioni." Nikamjibu, "Sikumbuki."

Neno moja. Kwa neno hilo alikaa mahabusu wiki tatu, akarudi kwao Ihumwa na jina la mlinzi aliyehongwa, na hakuna aliyempa tena lindo. Juzi nilimtuma Khamisi akamwite nimwombe radhi. Khamisi amerudi peke yake. Petro amesema, "Mwambie mzee nyumba yake siikumbuki."

Nipeni maji.

Nasma, tumbukiza kitambaa tu, unilowanishe midomo. Basi. Inatosha.

Lulu akaondoka wiki ile ile. Na sasa nasema nawe, Swalihu, mbele ya nduguzo, maana kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umenila miaka mitatu. Ulijua nani alitoa ufunguo, ukaufanya kuwa fimbo. Nikikataa jambo, unaniambia, "Basi nimwandikie Lulu." Kwa fimbo hiyo ukaingiza marobota yako nusu ya ghala. Kwa fimbo hiyo ukachukua duka la mjini ukaandika jina lako juu ya mlango, nduguzo wakadhani nimekupendelea. Mwezi uliopita nilipokuwa na homa, sijui usiku wala mchana, ulinijia na karatasi ya kuuza ghala, ukanishika vidole, ukaniambia, "Tia sahihi, baba, au apate barua Mwanza." Sahihi sikutia. Nilijisaidia kitandani kwa hofu, nikiwa baba yako, lakini sikutia. Leo fimbo nimeivunja mwenyewe. Huna tena cha kunipigia. Usiinue mdomo! Utasema nikishazikwa, na utakuwa na maisha yako yote ya kusema.

Na nyinyi wawili msijione wasafi. Nasma, ulijua kwamba Petro hanywi pombe, na ulinyamaza kwa kuwa mumeo anauza mitumba ya Swalihu. Harithi, ulikwenda polisi kuandikisha maelezo ya jambo usiloliona, kwa mwandiko wako huo huo mzuri. Nimewazaa, nimewalisha, na sioni mtu katika nyinyi watatu ambaye ningemwachia mbuzi jioni nikamkuta asubuhi.

Generosa peke yake ndiye aliyebaki ghalani. Ulimmwagia maji machafu mlangoni, Swalihu, ulimkatia umeme, akawa anafanya kazi kwa mwanga wa dirisha. Alizikusanya zile picha zilizochanwa akazishona kwa sindano ya gunia, mshono juu, unaonekana, hakuuficha. Akafinyanga upya. Sasa vikao vya Bunge vikianza wageni wanafika hadi Kizota wanauliza, picha zilizoshonwa ziko wapi? Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikwenda mara ya mwisho mwezi wa Ramadhani, nikakaa mbele ya ile zambarau, nikamlilia mama yenu, miaka kumi na tisa nimechelewa. Huyu mama hakuniuliza kitu. Alinisalimia tu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mzee," akaniletea kigoda. Akaendelea kukanda udongo wake.

Basi andika, Harithi.

Nyumba hii ya Miyuji na duka la mjini mgawane kwa sheria, Sheikh awasimamie, na jina lile la mlangoni lifutwe kabla arobaini haijafika. Ghala la Kizota, ambalo Sheikh na Khamisi wamelipima wakaona halizidi thuluthi ya mali yangu, nalitoa kwa Generosa, yeye na wanawe, wala si la kurithiwa na mtu aliyemo humu. Lulu, wewe ni mrithi, na hakuna wosia kwa mrithi, sheria imenifunga mkono nisikupe hata ukuta mmoja wa kutundikia picha. Ukitaka kurudi, mlango utafunguliwa na yeye. Ni haki. Mimi nilipokuwa na ufunguo mliona nilichoufanyia. Marobota yatoke kesho. Swalihu, usingoje kuambiwa mara ya pili.

Picha ya zambarau isiuzwe.

Pumzi... ngojeni kidogo.

Nasma na Harithi, radhi yangu mnayo, nimewapa, ingawa si kwa wema wenu. Mungu awape watoto wasiofanana nanyi. Msiitikie amina haraka namna hiyo, fikirini kwanza nimewaombea nini. Swalihu, wewe... nimeutafuta moyo wangu tangu alfajiri nikupe radhi, sijaupata. Nenda Ihumwa. Gari lako lipo hapo nje. Simama nyumbani kwa Petro mbele ya majirani zake, useme kwa sauti nani alivunja na nani alisingiziwa. Ukirudi na shahidi, radhi unayo, hata kama nimeshakata kauli. Usipokwenda, usishuke kaburini kunipokea. Anipokee Khamisi. Mkono wako usiniguse.

Mbona bado umekaa?

Lulu... wewe sikuombi kitu. Wasikulazimishe. Watakwambia marehemu husamehewa, ni desturi. Usiniambie umenisamehe kwa sababu ninakufa, kila mtu anakufa. Nilitaka tu... ulijue kutoka kinywani mwangu. Mkono wako ule... ulikuwa unaona. Mungu auache hivyo hivyo.

Nigeuzeni. Taratibu... upande wa kibla. Khamisi, nishike bega. Sheikh, anza kunisomea, nitafuata nitakapoweza.

Nasikia hatua. Nani anatoka? Si Swalihu, hatua nyepesi hizi... Ni Lulu? Msimshike. Nasma, mwache, usimwite. Mwacheni aende... Hata mimi, ningekuwa na miguu... ningemwacha mtu huyu.