Maisha ya Wenceslaus Ryoba na Kiwanja cha Kiriba, 1943–1994

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Katekista, wazee wangu, shemeji zangu mliotoka Bunda, majirani wa hapa Kiriba na ninyi mliotoka Musoma na Butiama, mimi naitwa Alfonsi Ryoba, ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu kabla mwili haujaondoka hapa nyumbani, naomba mnivumilie nikisoma polepole, kwa sababu karatasi hii nimeiandika mara tatu na bado ina maneno mengi yaliyofutwa.

Kaka Wenceslaus alizaliwa tarehe 28 Septemba 1943 katika kijiji cha jirani na Butiama, mtoto wa tatu wa mzee wetu Ryoba, na padre aliyembatiza alimpa jina la mtakatifu wa siku ile ile. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1952 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1959, kisha akajifunza useremala kwa miaka mitatu, na tarehe 3 Februari 1964 akaajiriwa katika karakana ya serikali mjini Musoma, akapanga chumba Nyasho, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na moja bila kupata barua ya onyo hata moja.

Tarehe 24 Agosti 1968 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Dorotea, binti wa Bunda, ambaye mnamwona pale amekaa karibu na jeneza, Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza Ursula, ambaye ni mwalimu, na wa mwisho Benedikta, ambaye ana miaka kumi na miwili.

Lazima niseme habari za nyumbani kwetu, ili kila mtu aelewe kwa nini leo hatumpeleki kwa baba yake. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilipopita, baba alihamishwa kutoka kwenye boma lake, akapewa kiwanja kando ya barabara, na shamba lake la zamani wakapewa watu wengine. Baba alifariki mwaka 1977, akazikwa kwenye kiwanja kile cha barabarani, na miaka michache baadaye kiwanja hicho kikachukuliwa, leo hii pale pana uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mimi mwenyewe nimepanga vyumba viwili Nyakato, sina ardhi.

Tarehe 30 Juni 1985 kaka alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, ile miaka tuliyokuwa tukipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na alipoona hawezi kulipa kodi ya chumba na kulisha watoto, alianza kutafuta mahali pa kununua kijijini, apate shamba dogo, ziwa liwe karibu, na kazi ya ufundi isikosekane. Alitembea vijiji vingi kwa baiskeli, mwisho akafika hapa, akaonyeshwa kiwanja hiki tulichokaa sasa na mtu aitwaye Stanislausi, ambaye alikuwa amepewa na serikali ya kijiji mwaka ule ule wa 1974. Stanislausi alikataa fedha, kwa sababu wakati ule ungeweza kuwa na fedha na usipate cha kununua, akataka mabati, na kaka alikuwa nayo mabati ishirini na manne, aliyoyakusanya kwa vibali kwa miaka sita, akiyalaza chini ya kitanda pale Nyasho. Mauziano yaliandikwa tarehe 12 Aprili 1986 kwenye karatasi ya daftari, yakapigwa muhuri wa kijiji, mipaka ikapandwa minyaa, mbuzi akachinjwa, majirani wakala. Kaka aliingia hapa na watoto watano, akaezeka nyumba yake kwa nyasi, na kwa sababu hiyo mkampa jina la Mgeni wa Mabati, mkicheka, naye akacheka nanyi.

Sasa naomba nisiwafiche kitu, maana nipo mbele ya mwili. Siku ile ya mbuzi, wazee kadhaa waliokuwepo walijua kwamba kabla ya operesheni hapa palikuwa nyumbani kwa watu wengine, ambao walihamishiwa upande wa pili wa kata, na hakuna aliyesema. Kaka naye hakuuliza, aliona muhuri akaona yamekwisha, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Alipoanza kuchimba msingi, alikuta mawe yamepangwa kwa safu tatu, urefu wa mtu. Alimwita Stanislausi, akaambiwa, "Hayo ni mawe tu, fundi, yatoe ujengee." Kaka aliyatazama, akafukia alipokuwa amechimba, akasogeza nyumba hatua kumi na moja kuelekea ziwani, akayazungushia makaburi yale matatu ua wa miti, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, aliyapaka chokaa, akasali rozari pale pamoja na watoto wake, akiwaombea watu asiowajua majina.

Aliishi hapa miaka minane, akawa katibu wa kigango, akatengeneza madawati ya shule, na milango ya nyumba nyingi zinazotuzunguka ni kazi ya mikono yake. Mwaka 1992, watu walipoanza kurudi kudai maboma yao ya zamani, mimi nilimfuata ili tukadai shamba la baba, akakataa, akaniambia, "Pale sasa kuna watu wana watoto, Alfonsi, tuwapeleke wapi?" Nilimkasirikia, nikamwambia amekuwa mtakatifu kwa mali ya wengine, na maneno hayo leo nayajutia.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifika hapa Bwana Masatu na ndugu zake wawili, kaka akawapa viti na uji, na Bwana Masatu, ambaye yupo kati yetu na amenikubalia nimtaje, alisema kwa upole, "Wenceslaus, wewe ni mtu mzuri, hilo kila mtu anasema, lakini hapa palikuwaga kwa baba, na baba yupo pale kwenye chokaa." Akataja majina ya watu waliolala pale, babu yake, baba yake na dada yake mdogo, na shemeji Dorotea anasema kaka alichukua kalamu akayaandika, ili Novemba ikija awaombee kwa majina yao.

Shauri lilipelekwa barazani. Asubuhi ya tarehe 17 Machi 1994, tukiwa njiani kwa miguu, nilimsihi kaka aseme kwamba hakujua kama ni makaburi, maana Stanislausi alikwisha kuhama, wazee waliokumbuka walikuwa wanasitasita, na Bwana Masatu hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na yale mawe tu. Kaka alisimama barabarani, akasema, "Nimeyapaka chokaa mara nane, mdogo wangu, niseme sijui?" Mbele ya baraza mwenyekiti aliuliza nani aliyeyatunza mawe yale, kaka akasimama akajibu kwamba ni yeye, mwenyekiti akauliza kwa nini, akajibu, "Kwa sababu walikuwepo kabla yangu, mheshimiwa." Wazee wa baraza hawakuhitaji shahidi mwingine, wakaamua kwamba kiwanja kirudi kwa wenyewe, na familia ya kaka iwe imeondoka ifikapo tarehe 31 Julai mwaka huu.

Baada ya uamuzi ule kaka hakulalamika, alikwenda Musoma mara nne kutafuta mahali, akaenda Bunda, akaenda mpaka Butiama kuuliza kama bado anakumbukwa, kila mahali viwanja vilikuwa vimepanda bei, na mabati, ambayo sasa yamejaa madukani, hayanunui kiwanja tena. Tarehe 5 Mei alianguka shambani, upande wa kulia ukafa, tukampeleka hospitali mjini Musoma, akalazwa wiki tano, na kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito, neno tulilolisikia vizuri kwake ni "wapi", alilirudia kwa shemeji Dorotea, kwa Ursula na kwangu. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Juni 1994, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini, baada ya kupakwa mafuta matakatifu.

Leo ni Jumatatu, mwili umekaa siku nne kwa sababu tulikuwa tunatafuta kaburi. Nilikwenda kwa Bwana Masatu kumwomba futi sita hapa, pembeni kabisa, naye alilia, akanishika mkono, akaniambia, "Alfonsi, nikimlaza hapa, wajukuu wake watakuja kuonyesha kaburi lake kama mimi nilivyoonyesha la baba." Nami nikaondoka, maana ni kweli.

Ndipo shemeji yetu Bernado, kaka yake Dorotea, alipotuma ujumbe kutoka Bunda kwamba tumpeleke kwake. Ninyi nyote mnajua kwamba kwetu mwanamume hazikwi ukweni, wazee wetu wawili wamekataa kuja leo kwa ajili ya jambo hilo, nami siwalaumu. Bernado alipoambiwa kwamba watu watacheka, alijibu, "Wacheke, wakimaliza kucheka waje na majembe." Basi leo saa nane mchana, ndugu zangu, tunamzika Wenceslaus Ryoba ukweni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, wafanyakazi wenzake wa zamani wa karakana walionunua mbao na kutengeneza jeneza, wanakigango, na majirani wa hapa mliopika na kulala nasi siku zote nne. Tunamshukuru Bwana Masatu, aliyeturuhusu kuweka msiba hapa na kuleta magunia mawili ya unga. Shemeji Dorotea na watoto wamebakiza wiki saba katika nyumba hii, hawajui watakwenda wapi, na kama kuna mwenye chumba, kokote kuanzia hapa mpaka Bunda, naomba aniambie leo kabla hatujaachana, nami nasema hivi bila aibu, kwa sababu aibu imetuishia.

Kaka yangu, ulituuliza, nasi tumeshindwa kukupatia mahali palipo pako, tusamehe, mimi unisamehe zaidi. Mungu Baba akupokee, nenda ukapumzike kwa amani, na siku tutakapokuja kukuona, tutapiga hodi kwa wenyewe.