Mwalimu Nizigama, Chui na Yule Mdogo

Tarehe 5 Julai mwaka huu, Mwalimu Jean-Berchmans Nizigama anastaafu baada ya kufundisha biolojia shuleni kwetu Mulongwe kwa miaka thelathini na minne. Wanafunzi wake wametapakaa Uvira nzima, wauguzi, mafundi, hata padri mmoja. Ukiwauliza walijifunza nini kwake, wote watakutajia somo moja.

Siku ya somo hilo aliweka mezani mafuvu mawili. La kwanza lilikuwa la chui, mnyama wa kilo sitini, alilopewa na mzazi mmoja wa Mulenge, kule mlimani. La pili lilikuwa mfano wa plasta, la mnyama wa kisiwa cha Tasmania, kule Australia: kilo nane tu, mweusi, analea watoto katika mfuko wa tumboni. Darasa lilitazama kwa dakika kumi, kalamu chini, bila neno. Kisha akaeleza meno. Ya chui hukaba koo na kukata nyama kama mkasi. Ya yule mdogo huvunja mifupa, naye akaimeza, na ukipima nguvu ya taya kwa uzito wa mwili, chui anaachwa nyuma. Mimi nilikuwa nikifundisha kemia chumba cha pili, na kimya kile kilinishika hata mimi.

Mwaka 2009 wazee watatu walishuka kutoka Mulenge wakiwa wamekasirika. Kwa desturi chui ni wa mwami, yaani mfalme, na fuvu lake haliwekwi mezani kama sufuria. Mwalimu hakuwa ameomba ruhusa. Prefe, mkuu wa shule yetu, aliogopa, barua ya kumfukuza ikaandikwa, nasi wenzake tukaanza kugawana vipindi vyake. Nakiri, mimi nilichukua vya Jumatatu.

Yeye aliomba radhi, akawakaribisha wazee kwenye madawati, akawafundisha somo lile lile, dakika kumi za kimya zikiwemo. Mzee Gédéon, mkubwa wao, aliligeuza lile taya la plasta mkononi kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Kale kanyama iko kadogo, lakini Mungu alikapatia kinywa ya kuogopesha." Barua ilichanwa. Fuvu la chui lilirudi mlimani, Mwalimu akilikabidhi kwa mikono miwili, machozi yakimlenga.

Oktoba iliyofuata Mzee Gédéon alilishusha mwenyewe, limefungwa katika kitenge, akasubiri mpaka somo likaisha, akapanda nalo. Amefanya hivyo kila mwaka. Tulidhani safari hizo zitakoma Mwalimu akiondoka. Wiki iliyopita mzee alituma ujumbe kwamba atakuja, mradi awepo wa kufundisha.

Mwalimu, nimekubali kufundisha somo hilo mimi, niliyegawana vipindi vyako. Naogopa, nakuambia kweli. Asante kwa yote. Mungu akupe afya na mavuno mema huko bondeni Ruzizi unakokwenda kulima, na Oktoba utuombee.

Noella, mwalimu wa kemia