Mhandisi Festo Shilinde na Makaa Yaliyowaka Mlangoni

Tarehe 9 Juni 1962, Festo Shilinde alizaliwa Tura, mtoto wa tatu wa Mzee Marko Shilinde na Mama Pelagia. Tarehe hiyo imethibitishwa na cheti chake cha ubatizo. Nyingine humu zimetokana na kumbukumbu za familia.

Alisoma shule ya msingi hapo Tura, kisha sekondari mjini Tabora, na mwaka 1987 akahitimu uhandisi wa kemikali Dar es Salaam. Utafiti wake ulihusu ukaushaji wa makaa ya mawe kwa mvuke uliopashwa moto kupita kiwango cha kuchemka. Mvuke huo hauna hewa ya kulisha moto, hivyo makaa hukauka bila kuwaka. Festo aliunda milinganyo ya kukadiria jinsi unyevu unavyosafiri kutoka kiini cha bonge la makaa hadi usoni pake.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Dafrosa, binti wa mtaa wa Kanyenye, Tabora. Dada wa bibi harusi alipoelezwa kazi ya bwana harusi, alishika kiuno: "Shemeji, unakausha kwa mvuke? Basi masika tutakuletea nguo uzianike mvuani!" Festo alilisimulia hilo kila alipofundisha.

Mwaka 2009 kiwanda cha majaribio kilijengwa kusini magharibi mwa nchi kwa kufuata hesabu zake. Yeye ndiye aliyewahakikishia mafundi kwamba makaa hayangewaka, na ndani ya mtambo hayakuwaka. Mlango ulipofunguliwa, makaa makavu, yangali ya moto, yalikutana na hewa yakashika moto. Fundi Yona Ndahani, Mgogo wa Manyoni, aliungua mkono wa kulia.

"Hesabu yangu iliishia mlangoni," Festo alimwambia mkewe. "Yona alikuwa nje."

Aliongeza katika milinganyo yake hatua ya kupoza makaa kabla ya kufungua, lakini mzigo haukumtoka. Wanyamwezi, kabila la Festo, na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyopita Ugogo, na kwa mtani radhi haiombwi ikapokewa. Kila alipokwenda Manyoni, Yona alimkatiza: "Wapagazi wenu walikausha visima vyetu, hata asante hawakusema. Wewe unalilia mkono mmoja? Ingia ule, mchukuzi wee!" Festo alikula, akarudi Tabora na neno lake kooni.

Tangu mwaka 2022 figo zilimsumbua. Februari 2025 Yona alifika hospitalini kumjulia hali.

"Yona, leo weka utani kando. Nisamehe."

"Mnyamwezi mjanja! Unataka nikuage ili ufe upesi? Kunywa uji."

Akamnywesha kwa mkono ule wenye makovu. Festo alifariki tarehe 3 Machi.

Ameacha mjane, Dafrosa, watoto wawili, Veneranda na Modest, wajukuu, na mtani wake, Yona. Mungu amjalie pumziko lenye amani.

Kama Bwana Ndahani alikuwa amemsamehe, Festo hakuambiwa, na familia haijui.