Uzi wa Mwalimu Omanga na Safari za Byron

Mwalimu Joash Omanga alizaliwa tarehe 9 Mei 1949 karibu na misheni ya Asumbi, Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, mtoto wa nne kati ya sita.

Alisoma huko huko Rangwe, akafuzu ualimu mwaka 1972. Alifundisha Jiografia Macalder, kisha Mbita, na mwishowe nyumbani, hadi alipostaafu mwaka 2004. Walimu wenzake walimuaga kwa tufe la dunia lenye ufa.

Mwaka 1975 alimwoa Mama Priscah. Walijaliwa watoto wawili: Byron, na Risper, ambaye ndiye mimi ninayewasomea wasifu huu.

Byron alipopata kazi Doha mwaka 2011, Mwalimu alianza kupima safari zake. Alinyoosha uzi wa kushonea juu ya tufe kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, akageuza sentimita kuwa kilomita, akagawa kwa mia nane, mwendo wa ndege kwa saa, akaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Doha hadi Nairobi: kilomita 3,360, saa nne na dakika arobaini na mbili. Yote aliyaandika daftarini. Kila mara alisahau saa za kungoja ndege ya Kisumu. Desemba 2019 aliamuru jogoo achinjwe Ijumaa. Byron akafika Jumamosi. Nilimpasha moto yule jogoo mara tatu, na firigisi, ambayo ni ya mwenye boma, akapewa Byron.

Niliona wivu, na sitauficha mbele ya jeneza. Tangu niolewe Migori nilikuja kila Jumamosi kupitia Rongo, jua au mvua, na hakuna aliyenipimia. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alicheka, akaweka kidole kwenye tufe.

"Nyathina, mwanangu, wewe na mimi tuko chini ya kidole kimoja. Sasa nipime nini?"

Sikucheka.

Kisukari kilimpata mwaka 2016, na Novemba iliyopita figo zikashindwa. Nilihamia kwake, nikawa nampeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alituacha tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, mjini Homa Bay. Nilikuwa nimemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Byron amefika wapi?" Liliniuma, na bado linaniuma.

Nikitafuta tarehe za wasifu huu, nilifungua lile daftari. Safari za Byron ni ishirini na tisa. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka, ipo moja ya Risper: uwanja mdogo wa ndege wa Lichota, Migori, hadi Kabunde, Homa Bay. Kilomita 57 kwa ramani, dakika thelathini na nne. Chini yake ameandika: "Hakuna ndege. Atakuja tu."

Ameacha mjane, Mama Priscah. Mwanawe Byron, aliyetua jana, siku moja nyuma ya hesabu. Binti yake Risper. Na wajukuu watano.

Mwalimu, nimekuja. Pumzika kwa amani.