Maana ya "Tie Down"

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Mpemba, kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yanapotambaa kuelekea mpakani. Asubuhi ile Hezron, dereva mpya wa lori dogo la Kanta, aliegesha pale, nyuma kalaza tangi tupu la maji. Tajiri wake, mzee Simbeye wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amempigia simu akafoka, "Tie down! Tie down!" kisha akakata. Hezron akatuuliza maana. Bahati yake, alifika kwa wataalamu.

— Rahisi, alisema Gasper, tunayemwita Balozi kwa sababu aliwahi kuishi Kitwe. Tai ni ya shingoni, dauni ni chini. Mpakani ushushe tai, usijifanye bosi.

— Sijawahi kuvaa tai, Balozi.

— Ndiyo maana anakuwahi kabla hujaivaa.

Spana, fundi pancha, akacheka.

— Hicho Kiingereza cha ukubwani. Tai ni tairi, Wazambia hawamalizii maneno. Anataka upunguze upepo.

Spana ni mtu wa vitendo. Akaenda kulegeza vali, gurudumu likaanza kupumua.

— Acheni utoto, alisema Yonathani, mzee wa kanisa. Tai ni kufunga.

— Kufunga nini, mzee?

— Ndoa! Na dauni ni utulie. Simbeye ana binti, wewe huna mke. Umeposwa, kijana.

Hezron akatabasamu.

— Yule mkubwa au mdogo wake?

Tulikuwa tunabishania kanisa la kufungia ndoa, Restuta muuza mahindi akaja mbio.

— Jamani, upepo umebeba tangi, linabingirika barabarani! Hamkulifunga kamba?

Hezron akarukia usukani. Kanta ikajikongoja hatua chache, ikakalia rimu. Akashuka, akakimbia kwa miguu, nasi nyuma yake. Tangi tulilikuta chini ya lori la Zambia, limepasuka toka mdomo hadi kitako. Akakaa kwenye vumbi, mikono kichwani.

— Kazi yenyewe ndiyo kwanza nimeipata. Nitamwambia nini, na Kiingereza sijui?

Restuta akamshangaa.

— Kwani Simbeye si Mnamwanga?

— Ni Mnamwanga.

— Na wewe wa Ndalambo, Mnamwanga. Sasa mbona hukumuuliza kwa Kinamwanga?

Hezron alimtazama Balozi. Balozi akamtazama Yonathani. Yonathani akatazama lori.

Hezron akajikung'uta vumbi, akashika njia ya Nakonde peke yake.